SOMO LA UFUNDI: Msumeno wa nakshi, bledi zake, na pesa ya mchango



Somo la safari hii ni la msumeno wa nakshi. Tunauita hivyo msumeno wenye bledi nyembamba sana, yaani ule ukanda wa chuma wenye meno, ambao unaweza kufuata kona, kuzunguka duara dogo na hata kukata tundu katikati ya ubao bila kupasua ukingo wake. Ndio unaotumika kukatia herufi za majina, wanyama wa kuchezea watoto, fremu za picha na ramani za vipande vipande. Upo wa mkono, upo wa kukanyaga kwa mguu, na upo wa umeme.

Tunaandika kutoka mashamba ya miwa ya Busoga, mashariki ya Uganda, ambako tawi letu lina darasa la jioni la kazi za mbao. Wanaokuja ni wakata miwa, watu wa palizi wanaume kwa wanawake, na wachache wa karakana. Hatusemi kwamba tumekuwa maseremala. Wengi wetu tunaifanya kazi hii ili kupumzisha akili baada ya zamu, na baadhi huuza kidogo mwisho wa mwezi. Lakini tumewahi kupoteza pesa kwa kutojua, na ndugu wa nchi jirani wanaotaka kuanzisha darasa kama letu hawana sababu ya kuipoteza tena kwa njia ile ile.

Sisi tulianzia mwisho. Tulikuwa watu 14, tukachangishana kwa miezi minne, tukatuma wajumbe wawili Kampala wakanunue mashine ya umeme iliyokwisha kutumika. Walirudi nayo kwenye basi, nzito, nzuri, imepakwa rangi ya kijani. Jioni ile ukumbi ulijaa, hata wasio wanachama walikuja kutazama. Tukabadilisha plagi, tukachomeka. Mashine ikanguruma kuliko tulivyotazamia, bledi ikaenda mbio hata isionekane, na kabla hatujaisogezea ubao wa kwanza moshi ukatoka mgongoni. Haikuzunguka tena.

Kwenye mota kulikuwa na kibao kidogo cha bati, na kibao hicho kilikuwa kimesema kila kitu tangu siku ya kwanza: volti 120. Ilikuwa mashine ya Marekani, na umeme wetu Uganda ni wa volti 240. Wajumbe walikuwa wamekiona kibao, wakadhani ni namba ya mashine tu. Muuzaji akasema mali ikishauzwa hairudi. Wanachama watatu walidai mchango wao mbele ya mkutano, mmoja wao alikuwa ametoa pesa ya sare ya mtoto, na mweka hazina wetu aliacha kuja mikutanoni mwezi mzima kwa aibu, ingawa hakuchukua hata senti moja. Hapo ndipo tulipokaa chini na kuuliza swali ambalo ilitupasa kuliuliza kwanza: katika msumeno wa nakshi, kitu gani hasa kinachokata?

Kinachokata ni bledi. Mota, mguu au mkono kazi yake ni kuipandisha na kuishusha tu. Bledi ya mashine ya bei kubwa na bledi ya msumeno wa mkono wa bei ndogo mara nyingi ni ile ile, ya urefu ule ule, imetoka katika pakiti moja. Mtu mwenye fremu ya kawaida na bledi nzuri atakata vizuri. Mtu mwenye mashine nzuri na bledi mbovu atachoma ubao na kuvunjika moyo. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye bledi na kwenye fremu inayozishika barabara.

ANZA NA MSUMENO WA MKONO

Dukani utakuta misumeno miwili inayofanana na uta, na wauzaji wengi huichanganya. Wa kwanza una fremu fupi, na bledi yake ni ya urefu wa sentimita 16 na nusu hivi, yenye pini ndogo iliyopita katika kila ncha. Pini hiyo ndiyo inayonaswa kwenye fremu. Huu ni imara, unafaa kwa mbao nene na mikunjo mipana. Wa pili una fremu ndefu kwenda nyuma, sentimita 30 au zaidi, na bledi yake ni ya inchi 5, yaani sentimita 13 hivi, isiyo na pini. Ncha zake hubanwa kwa skrubu mbili. Huu wa pili ndio msumeno wa nakshi hasa.

Tofauti ya pini si jambo dogo. Ukitaka kukata tundu ndani ya herufi, kama lile la katikati ya O, kwanza unatoboa kitundu kwa keekee, unafungua ncha moja ya bledi, unaipitisha, kisha unaibana tena. Bledi yenye pini inataka kitundu kikubwa ili pini ipite. Isiyo na pini hupita katika kitundu chembamba sana. Tena bledi zisizo na pini hutengenezwa kwa unene wa namna nyingi zaidi. Ndiyo maana tunashauri kwamba chochote unachonunua, kiwe cha mkono au cha umeme, kiwe kinashika bledi za inchi 5 zisizo na pini. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue na kufunga bledi mbele yako. Skrubu zikiteleza, iache hapo hapo.

Kitu cha pili ni meza, na hiki hakinunuliwi. Chukua kipande cha ubao mgumu, upana sentimita 15, urefu 25. Katika ncha moja kata pengo la umbo la V, lenye kina cha sentimita 8 hivi. Kifunge ukingoni mwa meza kwa kibano, lile pengo likiwa limechomoza nje. Ubao unaoukata unaulaza juu, na bledi inapanda na kushuka ndani ya pengo hilo. Kaa kwenye kigoda kifupi, shika mpini kwa chini, bledi iwe wima kama uzi wa timazi. Meno yaelekee chini, upande wa mpini, ili msumeno ukate unapovuta kuelekea chini. Ukiyaweka juu, kila mkupuo utaunyanyua ubao kutoka mezani, nawe utadhani ni ubao mbaya.

Usisukume. Waliotoka kwenye panga la miwa ndio hupata taabu hapa, kwa sababu mkono wao umezoea nguvu. Msumeno huu unataka mikupuo mirefu, ya taratibu, bledi yote ifanye kazi. Kwenye kona usiugeuze msumeno, ugeuze ubao, huku bledi ikiendelea kupanda na kushuka pale pale ilipo.

KUSOMA BLEDI

Bledi huuzwa kwa namba. Zipo za sifuri, na nyembamba kuliko sifuri zinazoandikwa 2/0, kisha 1, 2, 3, 5, 7, 9 mpaka 12. Namba ikipanda, bledi inakuwa pana na nene zaidi, na meno yanakuwa makubwa na machache katika kila inchi. Namba 5 ina upana wa milimita 1 hivi, na mara nyingi ina meno kama 12 katika inchi moja. Lakini viwanda havifanani, hivyo msiamini pakiti peke yake. Weka bledi juu ya rula, hesabu meno.

Kwa nini tuhesabu? Kwa sababu kuna kanuni moja inayotosha kuchagulia bledi: wakati wowote, meno yasiyopungua 3 yawe ndani ya unene wa ubao. Yakiwa mawili au moja, ukingo wa ubao utaingia katikati ya meno, yatanasa, ubao utarukaruka na bledi itavunjika. Tufanye hesabu. Inchi 1 ni milimita 25 na kidogo. Bledi ya meno 12 kwa inchi ina jino moja katika kila milimita 2. Ubao wa milimita 6 utashikwa na meno 3, sawa. Plaiwudi ya milimita 3 itashikwa na jino moja na nusu, haifai. Plaiwudi hiyo inataka bledi ya meno kama 24 kwa inchi, ambayo utaikuta kwenye namba 1 au 2. Ubao mnene wa milimita 20 unataka namba 7 au 9, kwa sababu meno madogo hujaa vumbi, hupata joto, na ubao huungua ukawa mweusi.

Mwenzetu mmoja wa darasani, mama wa palizi aliyeishia darasa la nne, alilishika somo hili kabla yetu sote. Alikuwa na kipande cha bati alichokwaruza alama za milimita, akawa anapima kila ubao na kutaja namba kama anayepanga bei sokoni. Hakukosea.

Zaidi ya namba kuna namna ya meno. Zipo zilizorukwa jino moja baada ya jino, ili vumbi lipate nafasi ya kutoka. Hizi ndizo tunazonunua kwa kazi nyingi. Zipo ambazo meno machache ya chini yameelekezwa juu, ili upande wa chini wa ubao usichanike nyuzi. Ni nzuri sana kwa plaiwudi, na bei yake imezidi kidogo. Zipo zilizosokotwa kama kamba, zinazokata kila upande bila kugeuza ubao. Mgeni huzipenda kwa jina lake, lakini zinaacha mkato mpana wenye kukwaruza, na mstari ulionyooka hauziwezi. Sisi tulinunua dazeni moja, na nyingi bado zipo.

Mkazo wa bledi unapimwa kwa sikio. Ikishafungwa, idonoe kwa kucha kama uzi wa zeze. Ikitoa sauti nyembamba iliyo safi, iko tayari. Ikitoa sauti ya kufa, kaza. Bledi iliyolegea hujikunja ndani ya ubao, na utakuta mstari wa juu unafuata mchoro huku wa chini umekwenda kwao. Pia bledi nyingi huvuta kidogo upande mmoja kwa sababu ya makali madogo yaliyobaki kiwandani. Usipigane nayo. Geuza ubao kidogo mpaka mkato ufuate mstari.

Bledi si mali ya kurithisha. Ukiona unaanza kusukuma, ubao unanuka moshi, au mstari haukutii, bledi imechoka. Itupe, hata kama haijavunjika. Wanaoanza huvunja nyingi, na mtu akivunja tatu jioni moja asichekwe. Ndiyo sababu tunazinunua kwa dazeni kwa jina la darasa, kila mtu anachukua na kuandikwa kwenye daftari. Mtu mmoja akinunua moja moja mjini, nauli humaliza faida.

MASHINE, KWA UFUPI

Msumeno wa kukanyaga kwa mguu ni wa zamani na bado ni mzuri. Kule Uingereza, kampuni ya Hobbies ya mji wa Dereham ilianza mwaka 1895 kutoa gazeti la kila wiki la michoro ya kukatia, na ilitengeneza misumeno ya kukanyaga. Watu walikata nakshi nyumbani jioni bila umeme wowote. Fundi mwenye akili anaweza kuutengeneza kwa miguu na gurudumu la cherehani mbovu. Mahali ambapo umeme hukatika kila siku, tunauona ni bora kuliko wa mota.

Mkitaka wa umeme, someni kile kibao kabla ya jambo lolote. Tafuteni volti 220 mpaka 240 na herzi 50. Ikiwa imeandikwa 110 au 120, ni ya Marekani, na ikiwa 100 ni ya Japani. Hizo zinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye wati zinazozidi za mashine. Bei ya transfoma ihesabiwe pamoja na bei ya mashine. Kisha angalieni kama inashika bledi zisizo na pini, kama mwendo wake unaweza kupunguzwa, na kama haitetemeki. Inayotetemeka ifungwe kwa bolti kwenye meza nzito. Mashine ikiandikwa inchi 16, maana yake ni umbali kutoka bledi mpaka nyuma ya fremu, wala si urefu wa bledi.

MBAO, NA KARATASI YA GETINI

Plaiwudi ya milimita 3 na 6 ndiyo ya kujifunzia. Musizi ni laini na hukatika vizuri. Mvule ni mzuri wa kudumu, ila vumbi lake ni kali, tutalisema hapa chini. Mengine mtakayohitaji ni karatasi ya kaboni ya kunakili michoro, gundi, msasa namba 120 na 220, kipande cha nta ya nyuki cha kupaka bledi isipate joto, na biti nyembamba za keekee. Vyote hivi vinaingia katika boksi moja.

Wengi wetu tunapata mbao kwenye mabaki ya kampuni, yaani makreti na mapaleti yanayosubiri kuchomwa. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mwenzetu wa karakana aliambiwa na msimamizi wake kwa mdomo, "Chukua tu, zinaoza." Jioni akakamatwa getini na mbao nne begani. Msimamizi akakana. Akasimamishwa kazi kwa wiki mbili kwa tuhuma ya wizi, ya mbao ambazo kesho yake zingekuwa majivu. Tawi lilisimama naye, akarudi kazini, lakini mshahara wa zile siku hakuuona mpaka leo. Tangu hapo tulikaa na mwajiri tukapata hati ya kutolea vitu, yenye jina, tarehe, idadi ya vipande na sahihi. Bila karatasi hiyo, acheni mbao hata kama mnazipenda vipi.

Mapaleti yanayotoka nchi za nje huwa na muhuri. Ukiona HT, yametibiwa kwa joto. Ukiona MB, yamefukizwa kwa dawa yenye sumu. Hayo msikate, wala msiyapikie.

Katika mazungumzo yale yale meneja mmoja alitania kwamba kwa kuwa wanachama wetu sasa wana biashara ya mbao, nyongeza ya mshahara inaweza kusubiri. Tulimjibu kwamba mtu akicheza mpira Jumapili hapunguziwi posho Jumatatu. Tunawataarifu mapema, kwa sababu maneno hayo yatawafikia na ninyi.

VUMBI NA VIDOLE

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ililiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake ya ndani. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho, na kwa wengine huleta pumu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi laini. Barakoa iwe yenye alama ya N95 au FFP2. Fanyeni kazi nje au penye upepo, na mkimaliza msifagie pakavu, pangusieni kwa kitambaa chenye maji.

Vidole viwe kando ya bledi, kamwe visiwe mbele yake. Mashine izimwe na plagi ichomolewe kabla ya kubadilisha bledi. Miwani ivaliwe, maana bledi ikivunjika kipande huruka. Na kumbukeni jambo hili la sheria: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, inahusu ajali inayotokana na kazi na kutokea wakati wa kazi. Kidole kikikatwa Jumamosi ukumbini, hakuna fidia, na Jumatatu huwezi kushika panga. Anayelipwa kwa kiasi alichokata anajua wiki hiyo itakuwaje. Ndugu wa nchi nyingine waulize katibu wa tawi sheria yao inasemaje.

KAZI YA KWANZA: RAMANI

Mwanzoni mwa kila darasa jipya tunakata ramani. Wazo hili ni la kale. Katika miaka ya 1760 huko London, mchonga ramani John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Sisi tunakata Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye plaiwudi ya milimita 6, bledi namba 5. Zamani ingekuwa vipande vitatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili 2024. Sasa vipande ni 8, na ubao umelazimika kuwa mpana zaidi kwa ajili ya Kongo peke yake. Rwanda na Burundi ndizo humtesa mwanafunzi kwa udogo wake. Ziwa Victoria tunalipaka rangi tu, hatulikati. Kwa watoto chini ya miaka mitatu msikate vipande vidogo vinavyoingia mdomoni, na kingo zote zipigwe msasa. Shule mbili za chekechea hununua ramani hizi kwetu, na pesa hiyo ndiyo iliyorudisha mchango wa wale wanachama watatu. Mweka hazina aliwalipa mwenyewe, mbele ya mkutano.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Bledi ina meno 8 katika inchi moja. Ubao usiwe mwembamba kuliko milimita ngapi?

2. Muuzaji ana mashine ya volti 120, wati 150, kwa nusu ya bei. Mtahitaji kitu gani kingine, na baada ya kukinunua, je, bado ni nusu ya bei?

3. Katika kampuni yenu, nani mwenye mamlaka ya kuandika hati ya kutoa mabaki ya mbao? Mtajeni kwa cheo, na semeni kama mmewahi kuiona sahihi yake.